Vidonge Visivyo na Jina

(Hotuba iliyosomwa Mwankoko mbele ya waumini wa hekalu na majirani, siku ya afya katika maadhimisho yetu)

  

Kamati iliponiomba niseme maneno machache, nadhani ilitarajia nisimulie habari za waasisi wetu: nani alileta matofali, nani alitoa kengele, nani aligombana na nani juu ya rangi ya mlango. Habari hizo wameziandika wenye kumbukumbu njema kuliko mimi, nanyi mtazisoma katika kitabu chetu. Mimi niliomba ruhusa nizungumze juu ya mzio mkali wa dawa, yaani hali ambayo dawa iliyokusudiwa kumponya mtu humgeuka na kuushambulia mwili wake.

Mimi si daktari. Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia nyuma ya kaunta ya duka la marehemu baba yangu, na huko ndiko nilikosomea mengine yote. Nitakayoyasema juu ya tiba yamepitiwa na kusahihishwa na daktari aliyeketi hapa mbele. Makosa nitakayoyasimulia ni yangu mwenyewe, na anayehusika nayo amenipa ruhusa kuyasema, kwa sharti kwamba nisimtaje jina.

Wenye umri wangu watakumbuka kwamba mwaka 2001 serikali iliiondoa klorokwini katika matibabu ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaiweka SP mahali pake. Wengi tuliiita Fansidar. Siku hizo duka letu lilikuwa na droo moja chini ya kaunta. Juu tuliuza sukari, chumvi, betri, sabuni na mafuta ya taa. Ndani ya droo mlikuwa na Panadol na aspirini, na pia vidonge ambavyo duka la namna yetu halikuruhusiwa kuviuza. Zahanati ilikuwa mbali, foleni ilikuwa ndefu, na mtu alipokuja saa mbili usiku akitetemeka kwa homa, kumwambia hapana kulionekana kuwa ukatili. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Faida nayo haikuwa ndogo, na hilo sikulisema hata moyoni.

Machi 2003, mvua zikiwa bado zinanyesha, kijana wetu mmoja wa kupakia magunia ya alizeti, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, alishikwa na homa. Nilifungua droo nikampa vidonge vitatu vya SP, avimeze kwa mpigo mmoja kama ilivyokuwa desturi. Homa ikashuka. Siku ya kumi alirudi. Alikuwa na homa tena, macho yakimchoma kama aliyetiwa mchanga, na koo likimwuma hata kumeza mate kulikuwa taabu. Mtu mwenye ujuzi angesimama hapo na kujiuliza. Mimi nilifungua droo mara ya pili, nikahesabu vidonge vya Septrin, nikavifunga katika kipande cha gazeti, nikamwambia: viwili asubuhi, viwili jioni, na umalize dozi.

Kipande kile cha gazeti kilikuwa na habari za mpira upande mmoja na tangazo la mabati upande wa pili. Jina la dawa halikuwamo.

Siku ya tatu mama yake alinijia dukani. Nilipofika kwao nilimkuta kijana amelala chali, hataki shuka imguse. Midomo ilikuwa imefanya malengelenge na kupasuka. Kifuani na mapajani palikuwa na mabaka meusi yenye zambarau, na katikati ya mabaka ngozi ilikuwa imeanza kuinuka kama utando wa maziwa yaliyochemka. Kope zilikuwa zimegandamana. Majirani wawili walisema ni tetekuwanga. Mzee mmoja alisema ni mkono wa mtu. Tulimpakia katika pikapu yangu tukampeleka hospitali.

Daktari aliyetupokea aliuliza swali moja kabla ya mengine yote: amemeza dawa gani katika wiki nne zilizopita? Nikajibu upesi: SP ya malaria, basi. Vile vya pili sikuvitaja. Nilikuwa nikifikiria kibali nisichokuwa nacho, na faini, na mkaguzi. Usiku ule nililala nyumbani kwangu.

Asubuhi nilirudi na chupa ya chai na uji. Nikamkuta mama yake anafungua fundo la khanga yake, anatoa kile kipande cha gazeti, na anajaribu kupenyeza kidonge kati ya midomo ya mwanawe iliyojaa vidonda. Nilimwuliza anafanya nini. Akanijibu kwa adabu, kama siku zote: "Bado vimebaki, Baba. Si ulisema amalize dozi?"

Nilikwenda kwa daktari nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alichukua kile kikaratasi, akageuza kidonge kimoja juu ya kiganja chake, akaandika katika faili, akamtuma muuguzi. Nimegombezwa na watu wengi maishani mwangu, lakini kimya cha daktari yule bado kinaniuma kuliko yote.

Ndugu zangu, nilijifunza baadaye kile nilichokuwa nimekifanya. SP ina salfa ndani yake. Septrin nayo ina salfa. Si salfa ileile hasa, bali ni ndugu wa ukoo mmoja. Sisi wenye mashine za kukamua alizeti tunajua jambo hili vizuri: mafuta ya pipa moja yaweza kutoka yakiwa na lebo tatu, na mnunuzi akaapa kwamba hii ni tamu kuliko ile. Dawa zina majina ya kampuni, na ndani ya jina la kampuni lina jina lingine, dogo, lililoandikwa kwa herufi nyembamba. Hilo dogo ndilo jina lake halisi. Nilimpa kijana salfa, mwili wake ukaikataa, nami nikamwongezea salfa nyingine kwa jina jipya.

Ubaya wa SP ni kwamba salfa yake haitoki upesi mwilini. Hupungua kwa nusu katika muda wa karibu wiki moja, kisha nusu ya nusu katika wiki nyingine. Vidonge vitatu vikishamezwa, hakuna namna ya kuvirudisha. Septrin hutoka kwa haraka zaidi. Ile tuliweza kuisimamisha. Uchunguzi uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kwa dawa zinazotoka mwilini upesi, kila siku moja ya kuwahi kuiacha hupunguza hatari ya kifo kwa takribani theluthi. Nimeufikiria uchunguzi huo mara nyingi, kwa sababu mimi niliichelewesha siku moja kwa aibu yangu.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe. Hapa Singida nina bahati, maana nazungumza na watu wanaojua nyuki. Mrina asali mmoja huumwa na nyuki ishirini, akacheka, akaendelea na kazi. Mwingine huumwa na mmoja, akavimba uso, akakosa pumzi, akaanguka. Sumu ni ileile. Miili ndiyo tofauti. Tena huyo wa pili huenda mara ya kwanza alipoumwa hakuona kitu. Mara ya kwanza mwili ulimtambua nyuki kama adui na kuandaa silaha. Mara ya pili ukazitumia zote kwa pamoja. Mwanasayansi wa Kifaransa Charles Richet na mwenzake Paul Portier waliliona jambo hilo mwaka 1902 walipokuwa wakichunguza sumu za viumbe wa baharini kwa mbwa, wakaliita anafilaksi. Mwaka 1913 Richet alipewa Tuzo ya Nobel.

Mzio wa namna hiyo ni wa dakika. Mtu amechomwa sindano ya penisilini, au amemeza kapsuli, na kabla ya saa moja kupita, mara nyingi kabla hata ya dakika thelathini, anaanza kuwashwa viganja na mwili mzima, vipele vikubwa vinatokea, midomo na ulimi vinavimba, sauti inakauka, kifua kinapiga mluzi, anatapika, anaishiwa nguvu. Si lazima dalili zote zije, na wapo wanaoanguka bila kipele hata kimoja. Dawa ya kwanza ni adrenalini, sindano ya msuli kwenye paja upande wa nje, nusu miligramu kwa mtu mzima na pungufu ya hapo kwa mtoto kulingana na uzito wake, na hurudiwa baada ya dakika tano au zaidi kidogo iwapo hajapata nafuu. Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe. Kama pumzi inamshinda aruhusiwe kuketi, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Piriton na sindano ya haidrokotisoni vina kazi yake, ila si badala ya adrenalini, na daktari amenisisitizia niliseme hilo mara mbili: si badala ya adrenalini. Kwa hiyo, mama ukichomwa sindano au mwanao akichomwa, usikimbilie bodaboda. Kaa kwenye benchi la zahanati nusu saa. Na mganga wa duka au wa mtaani anayekuja na sindano mfukoni, mwulize kwanza iko wapi adrenalini yake.

Mzio uliompata kijana wetu ni mwingine. Huo ni wa siku na wiki, na ndiyo maana hudanganya. Mwaka 1922, madaktari wawili wa New York, Albert Stevens na Frank Johnson, waliandika habari za watoto wawili wa kiume waliopatwa na homa, vidonda vya kinywa, macho yaliyooza na upele wa ajabu. Tangu hapo ugonjwa unaitwa kwa majina yao. Mwaka 1956 daktari wa Uingereza, Alan Lyell, akaeleza ule mkali zaidi, ambao ngozi hutoka vipande vipande kama ya aliyemwagiwa maji ya moto. Leo huhesabiwa kuwa ugonjwa mmoja wenye ngazi. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni kama sehemu moja katika mia ya ngozi yake: ngozi iliyobabuka isipofika viganja kumi, ni ngazi ya Stevens na Johnson; ikizidi viganja thelathini, ni ngazi ya Lyell; na kati ya hapo ni mchanganyiko. Katika ngazi ya kwanza, wagonjwa wachache katika mia hufa. Katika ngazi ya juu hufa karibu theluthi, hata penye hospitali nzuri.

Huanza kwa kawaida kati ya siku ya nne na wiki ya nne tangu mtu aanze dawa mpya. Siku moja hadi tatu za mwanzo hufanana na mafua au malaria: homa, koo, macho kuchoma. Hapo ndipo watu wengi, mimi nikiwamo, huongeza dawa. Kisha huja vidonda kinywani, machoni, na sehemu za siri, na ngozi huanza kuuma kabla haijababuka. Kumbukeni neno hilo, kuuma. Upele wa kawaida huwasha, huu huuma. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Katika ngozi ya Mnyaturu, na hata katika yangu, wekundu hujificha. Kinachoonekana ni weusi uliokolea, zambarau au kijivu, kisha lengelenge.

Upo mwingine tena, ambao huchelewa zaidi, wiki mbili hadi nane: homa isiyokwisha, uso kuvimba, matezi, upele ulioenea, na macho kuwa ya njano kwa sababu ini limeguswa. Huo nao ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Na lipo lile baka jeusi ambalo wengi wenu mmeliona na hamkulijali. Mtu anameza dawa, linatokea duara jeusi mdomoni, mkononi au sehemu za siri, linawasha au kuchoma, linakaa miezi. Akimeza tena dawa ileile mwaka ujao, linarudi palepale. Siku ya tatu hospitalini, daktari alimwuliza mama wa kijana swali ambalo mimi sikuwahi kumwuliza mtu yeyote kwa miaka yote ya kuuza vidonge: je, kuna dawa iliyowahi kumdhuru mwanao? Akajibu bila kusita. Alipokuwa darasa la sita alimeza Metakelfin, na mdomo wa chini ukapata baka. Mwaka uliofuata alimeza tena, baka likarudi. Metakelfin nayo ni salfa. Baka lile huenda lisingegeuka kamwe kuwa ugonjwa mkubwa, lakini lilikuwa onyo tosha la kutompa salfa nyingine. Mama alilijua. Hakuna aliyemwuliza, naye hakujua kwamba Fansidar na Metakelfin ni ukoo mmoja. Angejuaje, nami muuzaji nilikuwa sijui?

Huenda mtasema: hata klorokwini ilituwasha. Kweli, na wengi mlijikuna usiku kucha hadi mkaikimbia. Mimi binafsi haikuwahi kuniwasha, wala ndugu zangu, na nakiri tuliwacheka wenzetu tukidhani ni uoga wa dawa. Imejulikana kwamba kuwashwa kule huwapata sana watu weusi na kwa nadra watu wa asili nyingine. Lakini kulikuwa ni mateso tu, hakukuwa hatari ya namna hii ninayoisema. Tatizo ni kwamba kulituzoesha kudhani kila kinachotokea kwenye ngozi baada ya dawa ni jambo la kuvumilia.

Tiba ya ugonjwa huu ni ya kazi nyingi kuliko ya sindano. Kwanza, kila dawa inayoshukiwa isimamishwe. Kisha mgonjwa hutunzwa kama aliyeungua moto: maji ya kutosha mwilini, chakula kwa mpira wa puani akishindwa kumeza, chumba chenye joto, shuka safi, dawa ya maumivu, na macho yasafishwe na kupakwa dawa mara nyingi kwa siku, tena mtaalamu wa macho aitwe mapema, maana kope huota na kushikana na mboni. Malengelenge yasitumbuliwe. Asipakwe dawa ya meno, wala majivu, wala mafuta ya aina yoyote bila idhini. Dawa za vijidudu hazitolewi hovyo kwa kinga. Hutolewa pale kidonda kinapoingiwa na vijidudu.

Muuguzi mkuu wa wodi ile alikuwa mama wa makamo mwenye sauti kali. Aliniita akaniambia: wewe mfanyabiashara, niletee majani ya mgomba. Nilidhani nimesikia vibaya. Alitaka kumlaza mgonjwa juu ya majani yaliyooshwa na kuchemshwa, kwa sababu hayashiki kwenye kidonda kama shuka ishikavyo. Baadaye nilisoma kwamba hata Mumbai hospitali zimetumia majani hayo kwa walioungua. Lakini Singida si Bukoba, ndugu zangu. Nilizunguka soko zima kwa wauza ndizi nikinunua majani yaliyofungiwa mikungu, nao wakiniuliza kama Wahindi sasa wameanza kula majani. Nilifanya hivyo kila baada ya siku mbili kwa wiki tatu. Ilikuwa kazi pekee niliyoweza kuifanya pale, nami niliishukuru.

Kijana alipona. Ngozi ilirudi, ikiwa na mabaka. Kucha zilidondoka zikaota upya. Jicho la kushoto halikurudi.

Msidhani lilikuwa kosa la duka moja la Singida peke yake. Mataifa nayo yamejifunza hivihivi, kwa gharama. Miaka ya 1980 wasafiri wa Kimarekani walimeza Fansidar kila wiki kujikinga na malaria. Baadhi wakafa kwa ugonjwa huu, kwa kadirio la mmoja katika watu 11,000 hadi 25,000, na mwaka 1985 nchi yao ikabadili ushauri wake. Kwa jirani zetu wa Nairobi, wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wakipewa thiasetazoni, kidonge cha bei nafuu kilichotumika sana Afrika Mashariki, hata kwetu. Ukimwi ulipoingia, madaktari walianza kuona ngozi zikibabuka wodini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba mzio wa ngozi uliwapata wagonjwa 20 katika kila 100 wenye virusi vya Ukimwi, na 1 tu katika 100 wasio navyo. Baadaye Shirika la Afya Duniani likashauri wenye virusi wasipewe dawa hiyo kabisa. Kilichowawezesha kugundua ni kwamba waliandika: nani alimeza nini, lini, na nini kikatokea. Vidonge vya kikaratasi havimfundishi mtu yeyote kitu.

Damu nayo ina siri zake. Abakaviri, dawa mojawapo ya kupunguza makali ya virusi, huwadhuru vibaya wenye alama fulani ya kurithi. Vipimo vilivyofanywa Kenya vilionyesha alama hiyo ni kama 13.6 katika mia kwa Wamasai na 3.3 katika mia kwa Waluhya. Nasi wenye asili ya Asia tusijione salama. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri watu wa asili ya Asia wapimwe alama nyingine ya kurithi kabla ya kupewa karbamazepini, dawa ya kifafa. Nawaambia hili hasa ninyi wa hekalu, maana najua mifuko inayotoka Rajkot na Jamnagar kila harusi inapokwisha: mjomba kaleta alopurinoli ya gauti, shangazi kaacha vidonge vya neva, na vyote vinagawanywa sebuleni kama laddu. Alopurinoli ni miongoni mwa dawa zinazosababisha ugonjwa huu mara nyingi zaidi duniani. Dawa ya mjomba ni ya mjomba.

Lakini mtu asitoke hapa akakataa dawa. Nasema hivyo kwa mama wajawazito hasa: tangu mwishoni mwa 2006 matibabu ya malaria ni dawa mseto, ila SP bado hutolewa kliniki kumkinga mama na mtoto, na malaria ya mimba ni hatari kubwa kuliko kidonge. Septrin imewaongezea maisha wenye virusi wengi kupita hesabu. Aliye na historia ya mzio wa salfa ndiye aseme kabla ya kumeza. Wengine wote mezeni kama mlivyoelekezwa, na mkiona homa mpya, vidonda vya kinywa au ngozi inayouma, acheni palepale na mrudi na kikasha mkononi.

Nanyi waganga, nawaomba msione haya kujaza ile fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Nchi yetu imo katika mpango wa dunia wa kufuatilia madhara ya dawa tangu 1993, na fomu moja kutoka zahanati ya kata inaweza kuungana na nyingine tisa kutoka mikoa tisa. Kwa wenye maradhi magumu ya ngozi, pale KCMC Moshi kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa hayo tangu 1992, na waganga wa ngozi waliosomeshwa hapo wametawanyika nchi nyingi za Afrika. Ulizeni rufaa mapema.

Droo yangu niliifunga mwaka ule ule wa 2003. Anayetaka dawa namwelekeza kwenye duka la dawa muhimu lenye kibali, na akiwa hana nauli nampa nauli. Imenipunguzia fedha kidogo, si nyingi.

Kijana wetu leo ni baba wa watoto watatu na ndiye msimamizi wa mashine yetu ya kukamua. Tangu alipotoka hospitali anabeba mfukoni karatasi iliyofungwa kwa nailoni, mwandiko wa daktari yule: asipewe SP, Metakelfin, Septrin wala salfa nyingine, na chini yake limeandikwa lililompata na mwaka wake. Miaka michache iliyopita alianguka kwa pikipiki akiwa safarini mbali na hapa, akapoteza fahamu kwa muda. Alipozinduka alimkuta muuguzi ameishika karatasi ile, anaisoma kwa sauti kwa mwenzake aliyekuwa tayari ameshika kikasha cha Septrin.

Kwa hiyo kamati imekubali kugharamia kadi elfu moja ngumu, za kukaa mfukoni au ndani ya khanga. Zina mistari minne: jina dogo la dawa, mwaka, kilichotokea, na mahali ulipotibiwa. Meza iko pale chini ya mwarobaini. Leteni vikasha, chupa na hata vikaratasi mlivyo navyo majumbani. Wafamasia wawili watavisoma, na visivyosomeka vitachukuliwa vikateketezwe. Atakayewaandikia kadi ni yeye mwenyewe kijana wetu, ameomba kazi hiyo. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Anayetaka kuanza aje sasa, na wazee watangulie.